Lami ya Chupa

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeingiza mkono mtupu kwenye ndoo iliyojaa chupa zilizosagwa, nikaukoroga, nikautoa mzima. Hakuna hata mkwaruzo! Nimeamua kuandika kila kitu msimu huu, maana nikija kuyasimulia uzeeni nitaambiwa natia chumvi.

Mimi ni fundi wa maabara katika kampuni ya ujenzi wa barabara. Napika kokoto na lami, nazishindilia kwenye kikombe cha chuma mpaka zinakuwa keki nyeusi ya duara, kisha naivunja kwenye mashine nijue imestahimili kiasi gani. Mama yangu akiulizwa binti yake anafanya nini, hujibu, "Anapika mawe, na hayaivi."

Machimbo yetu ya kokoto yamefungwa tangu kilima kilipomeguka. Kokoto sasa zinatoka mbali, na masika yako mlangoni. Nyuma ya kiwanda cha soda kuna mlima wa chupa zilizovunjika ambao umekuwa ukikua tangu niko shule ya msingi. Asubuhi Mhandisi wetu, mama mfupi mwenye sauti kama honi, ameniwekea mezani ndoo ya chupa hizo zilizosagwa.

"Saga nyingine, chekecha, pika," amesema. "Nataka kujua kama hiki kitu kinaweza kushika nafasi ya sehemu ya kokoto kwenye lami ya mteremko."

Mteremko! Mtaa niliozaliwa. Chini kuna mji, juu kuna hospitali, na katikati kuna udongo ambao kila masika hugeuka uji. Nimekubali kabla hajamaliza sentensi.

Jumanne, 4 Machi

Nimeosha chupa kutwa. Sukari ya soda, karatasi zenye gundi, na mende mmoja aliyenitazama kama nimemvunjia nyumba.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeelewa kwa nini hazikati. Zikisagwa hadi ukubwa wa mahindi yaliyoparazwa, kingo zinasuguana zenyewe kwa zenyewe mpaka zinakufa makali. Nimeziweka dirishani, jua likazipiga. Kijani, kahawia, nyeupe. Walinzi wawili wamekuja kuchungulia wakidhani tumepata madini.

Jumamosi, 8 Machi

Keki ya kwanza! Kokoto nyingi, kioo kidogo, lami ya moto. Nimeivunja na imekataa kuvunjika mapema. Nimepika ya pili, nayo vilevile. Mhandisi ameikodolea macho mashine, akaigonga kidogo kwa kidole kana kwamba inamdanganya. "Rudia," amesema. Nimerudia. Ametabasamu. Sikujua kama ana meno ya pembeni.

Jumatatu, 10 Machi

Habari imemfikia Mama.

Mama ni fundi cherehani. Kibanda chake kiko katikati kabisa ya mteremko, na watu wa mtaa wakiwa na neno kwa wakubwa wa mji humtuma yeye, kwa sababu haogopi mtu na sauti haimkauki. Nimemkuta ameweka mkasi chini. Mama akiweka mkasi chini, jua kuna kesi.

"Wewe mtoto, ni kweli mnataka kumwaga chupa kwenye barabara yangu?"

"Zimesagwa, Mama. Hazikati. Mimi mwenyewe nimetia mkono."

"Mkono wako ni mmoja. Hapa wanapita watoto pekupeku asubuhi mpaka jioni. Mimi sindano moja ikinidondoka humu ndani, siendi kula mpaka niione. Ninyi mnataka kunimwagia mtaa mzima wa sindano?"

Mjomba alikuwepo. Mjomba wangu, mdogo wake Mama, ndiye dereva wa rola ya kushindilia lami katika kampuni yetu. Mji mzima unamwita Kobe kwa ajili ya mwendo wa mashine yake, naye hulifurahia jina hilo. Akatia mdomo wake: "Dada, chupa yenyewe inatoka kwenye mchanga. Tunairudisha kwao tu."

"Na wewe ndiye utakayeikanyagia barabarani?"

"Ndiyo kazi yangu, dada."

"Basi chai yangu usinywe tena. Nenda kanywe lami."

Mjomba amecheka. Mama hakucheka. Sahani ya Mjomba imeondolewa mezani saa ile ile.

Alhamisi, 13 Machi

Mama amekwenda kwa wakubwa wa mji na majina ya mtaa mzima. Mhandisi naye amekwenda. Wamekutana ngazini. Nimesikia kwamba walinzi walifunga madirisha.

Uamuzi: tujaribu kipande kifupi tu, mbele ya vibanda vya katikati. Yaani mbele ya kibanda cha Mama! Sijui nicheke au nijifiche.

Jumatatu, 17 Machi

Tumemwaga! Moshi, harufu, kelele, koleo zikikwaruza, Mjomba juu ya rola akiwa na kofia yake ya majani kama mfalme wa nchi isiyo na haraka. Lami imelala nyeusi, na jua likiinama unaona vimulimuli vidogo ndani yake. Watoto wamekaa pembeni wakibishana kama ni nyota au mafuta. Mimi nimezunguka nikiipapasa kama mtu aliyenunua gari jipya.

Mama ameshona kutwa akiwa ametupa mgongo.

Jumanne, 18 Machi

Mvua ya kwanza.

Jumatano, 19 Machi

Mvua.

Ijumaa, 21 Machi

Sijui nianzie wapi. Mvua imenyesha bila kupumzika, na leo asubuhi, nikiwa natoa keki kwenye maji ya moto, mlango wa maabara umefunguliwa bila hodi. Mama, amelowa mpaka kwenye nyusi, ameshika kitambaa alichokifunga kama mzigo wa karanga. Amekifungua juu ya meza yangu, mbele ya Mhandisi. Vipande vya kioo, ujazo wa kiganja.

"Vimetoka chini ya mlango wangu," amesema. "Leo vimetoka. Kesho viko miguuni mwa mtoto wa mtu. Hapo mtaniambia vimesagwa vizuri?"

Mhandisi amechukua kipande, akakiinua kwenye mwanga. Nami nikachukua kimoja. Kilikuwa safi. Hilo ndilo lililonichoma. Kilikuwa safi kama kimetoka kuoshwa, kana kwamba hakijawahi kuijua lami maishani mwake.

Tumekwenda mteremkoni wote watatu kwa miguu. Kipande chetu kimechubuka kama ndizi iliyoangushwa. Ukikikanyaga pembeni, punje zinaachia. Majirani wamesimama chini ya mabati wakitutazama, wala hawakuzomea. Afadhali wangezomea.

Mkubwa mmoja wa mji amefika na mwavuli, akauliza nani aliidhinisha mchanganyiko huu. Mimi ndiye niliyeupika. Nilimwona Mhandisi anageuka upande wangu, nikajua sasa natajwa.

"Mimi," amesema Mhandisi. "Saini ni yangu. Huyu fundi alipima nilichomwambia apime, na alipima sawasawa. Mimi sikumwambia aipime ikiwa imelowa kiasi hiki."

Miaka yote hii nilidhani sauti ile ni ya kutufokea sisi. Leo nimejua ni ya kutukinga.

Mkubwa ametoa neno lake: kipande kikwanguliwe chote. Tuna nafasi moja tu ya kujaribu tena. Ikishindikana, chupa zirudi kwenye mlima wake, na mteremko usubiri mpaka machimbo yafunguliwe. Na hilo ni lini? Hata machimbo yenyewe hayajui.

Mama hakusherehekea. Aliponipita alinifunga vizuri kitambaa changu cha kichwa, akasema, "Kula kitu," akaenda zake.

Jumatatu, 24 Machi

Tumekwangua. Mjomba ameendesha rola kurudi karakana bila kupiga honi hata mara moja.

Jumatano, 26 Machi

NIMEPATA!

Niandike taratibu. Kokoto ya kawaida ina vinyweleo, inakunywa lami kidogo, ndiyo maana zinashikana. Kioo hakinywi. Kinateleza, lami inakipaka tu juu kama mafuta kwenye sahani. Maji yakija, yanapenya kati ya kioo na lami na kuivua lami kama koti. Keki zangu hazikuwa zimekaa majini muda wa kutosha kunionyesha hilo. Nilikuwa nimemwambia Mhandisi hivyo jana, nikiwa nimeshika tama.

Akasema, "Kuna mradi nilifanya nikiwa bado mwanafunzi wa kazi. Mawe yake yalikuwa yanateleza kama sabuni. Tuliyatia chokaa."

"Chokaa ya kupaka ukuta?"

"Chokaa ya unga. Kidogo tu. Ilisaidia mawe. Kwa kioo sijui. Wewe ndiye mpishi."

Basi leo nimechukua sufuria mbili. Moja, kioo na lami peke yake. Nyingine, kioo nilichokipaka chokaa kwanza, ndipo nikatia lami. Nimezichemsha zote mbili. Sufuria ya kwanza: lami imeanza kubanduka, inaelea, kioo kinachungulia kikiwa uchi kabisa. Sufuria ya pili: kimya. Nyeusi tii. Nimeongeza moto. Nyeusi! Nimekoroga kwa mwiko. Nyeusi!!

Nimepiga ukelele. Mhandisi ameingia mbio na ndoo ya mchanga akidhani nimeungua. Nimemwonyesha. Ameitua ndoo chini, akachungulia sufuria moja, akachungulia ya pili, akanikumbatia nikiwa na mwiko mkononi. Shati lake lina doa la lami mgongoni, na amekataa nilisafishe.

Ijumaa, 28 Machi

Nimepunguza pia kioo, na nimekisaga kidogo zaidi. Keki zinalala majini. Nazichungulia kama mama mwenye kuku anayeatamia.

Jumamosi, 29 Machi

Nimekwenda kibandani kwa Mama na sufuria mbili, kopo la lami, kioo na chokaa.

"Umekuja kupika?"

"Nimekuja kukuonyesha. Usiniamini mimi. Amini macho yako."

Amenitengea jiko. Tumechemsha pamoja, wateja wawili wakisubiri suruali zao na kuuliza kama ni dawa. Lami ya sufuria ya kwanza ilipoanza kubanduka, Mama alisonga mbele. Ya pili ilipogoma kubanduka, alivaa miwani yake ya kutungia uzi.

"Hebu subiri," amesema. "Hiki kioo chako ni kama hariri. Ukiishona hariri juu ya kitambaa kingine inateleza, inakukimbia. Unaweka bitana katikati, ishike huku na huku."

"Ndiyo hivyo, Mama! Chokaa ndiyo bitana."

"Kumbe tatizo lenu lilikuwa la cherehani, na mkakaa nalo huko bila kuniuliza."

Nimeruka. "Kwa hiyo umekubali?"

"Nimeelewa. Sijakubali. Hayo ni mambo mawili."

Alhamisi, 3 Aprili

Jua limetoka, Mhandisi amepiga honi ya sauti yake, na tumemwaga kipande cha pili, kirefu kuliko cha kwanza. Tumekizuia kwa mapipa: watu wa miguu ruksa, magari mazito marufuku mpaka keki zangu zimalize kulowekwa na nizivunje.

Mama ametoka mlangoni mara moja. Ametazama, ameingia ndani.

Jumapili, 6 Aprili

Nimeota chokaa.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua imerudi, na safari hii imekuja na ndugu zake. Nimekwenda mteremkoni kabla ya kazi, nikapiga magoti, nikapapasa kingo zote. Hakuna punje iliyoachia. Hata moja!

Jumanne, 8 Aprili

Nimepapasa tena. Hakuna. Jirani muuza mkaa ameniuliza kama nimepoteza hereni.

Jumatano, 9 Aprili



Mchana mto umebomoa kingo za daraja la barabara kuu. Njia kubwa ya kwenda hospitali imekatika. Imebaki moja: mteremko.

Nilikuwa pale na Mjomba tukiangalia mitaro. Mhandisi alikuwa ng'ambo ya mto, na simu yake haikupatikana. Likaja lori kutoka chini, taa zinawaka, limebeba mitungi ya gesi ya kupumulia wagonjwa. Limepanda sehemu ya udongo kwa kusukumwa na nusu ya mtaa, likafika kwenye mapipa yetu na kusimama. Dereva ameteremka, matope mpaka kifuani.

"Fungueni! Hospitali imebakiwa na mitungi michache. Nizungukie wapi?"

Pembeni ya kipande chetu hakuna njia. Upande mmoja vibanda, upande mwingine mtaro uliojaa. Keki zangu bado ziko majini. Nikifungua, na lami ikachubuka chini ya lori lile likiwa kwenye mwinuko, litarudi nyuma na mitungi yake kwa watu wote wale waliokuwa wakilisukuma. Nisipofungua, juu kule kuna watu wanaohesabu pumzi.

Nimemtazama Mjomba. Mjomba mwenye utani kwa kila jambo hakuwa na utani.

"Mimi nimeishindilia nilivyojua," amesema. "Ndani yake kuna nini, unajua wewe. Amua, mpwa wangu. Ukisema ndiyo, mimi nitakaa nyuma na rola, likirudi lirudi kwangu."

Hapo Mama ametokea, amejifunika turubai la kufunikia cherehani. Amesimama mbele yangu, mvua inamchuruzika usoni.

"Unaiamini?"

Nimefikiri lami ile iliyogoma kubanduka. Nimefikiri siku mbili za magoti yangu kwenye mvua.

"Naiamini, Mama."

"Basi unangoja nini? Toa hayo mapipa." Akageukia watu: "Nyote pembeni! Asisimame mtu nyuma ya gari! Wewe mwenye mkaa, toa mkokoteni wako!"

Tumeviringisha mapipa. Mjomba ameipandisha rola nyuma kabisa ya lori. Nami nimetembea ubavuni mwa gurudumu la nyuma, nimeinama, macho kwenye lami. Lori limenguruma, limepanda. Lilipofika katikati gurudumu liliteleza kidogo, mtaa mzima ukavuta pumzi kwa pamoja, kisha tairi likashika. Likashika! Maji yanaruka pembeni, lami imetulia nyeusi kama haijaguswa. Limefika mwisho wa lami, vijana wakalikimbilia kulisukuma kwenye udongo uliobaki mpaka hospitali, dereva akapiga honi ndefu, na mtaa wote ukalipuka kwa vigelegele.

Nimepiga magoti pale lilipopita tairi. Nimepapasa. Punje zote zipo nyumbani kwao.

Mjomba ameteremka kwenye rola, amelowa chapachapa. Mama amemtazama, akavua turubai lake, akamfunika mabegani.

"Ingia ndani," amesema. "Chai ipo."

Alhamisi, 10 Aprili

Mhandisi amefika kwa kuzunguka mbali. Nimemweleza yote nikisubiri radi. Ameniuliza swali moja tu: "Uliangalia alama ya tairi?" Nimesema ndiyo. "Ikoje?" Nimesema hakuna alama. Amekwenda kuitazama mwenyewe, akarudi akiimba kwa ile sauti. Ndege wameruka.

Jumamosi, 12 Aprili

Magari yote ya mji yanapita kwetu. Malori, mabasi, pikipiki. Kwenye udongo yanakwama na kusukumwa. Kwenye chupa yanapita.

Jumanne, 15 Aprili

Nimezivunja keki. Zimestahimili maji vizuri kuliko nilivyoomba! Nimetandaza matokeo ukutani. Mhandisi sasa anauliza kuhusu zege la vifuniko vya mitaro. Nimemwambia taratibu: kioo kikubwa kikikutana na saruji hugombana, zege huvimba na kupasuka. Kikisagwa kama unga, nasikia hupatana. Ametoka, akarudi na ndoo.

Alhamisi, 24 Aprili

Daraja limefungwa kwa matengenezo. Mama anauza maandazi kwa madereva wanaosubiri zamu ya kupanda. Kushona ni asubuhi tu, anasema, biashara imebadilika.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua imechoka. Leo wakubwa wa mji wamekuja mteremkoni, na mtaa mzima umejaa. Yule mwenye mwavuli amekitembea kipande chote mbele na nyuma, akakikwangua kwa ufunguo. Kisha akapanda kwenye kiti cha wateja cha Mama na kusema kwamba jaribio limefaulu, anashukuru kila mtu, na kabla ya kufunga shughuli angependa kusikia kama bado kuna anayepinga.

"Mimi," amesema Mama.

Mhandisi amenitazama. Mjomba amejiinamia. Mimi nimetamani mtaro unimeze.

"Mama, unapinga nini tena?" ameuliza mkubwa.

"Napinga mnavyofunga shughuli. Mteremko huu una juu na una chini. Mmenishonea gauni lenye kifua tu! Mikono iko wapi? Sketi iko wapi? Mimi nitatoka hivi mbele za watu?"

Mtaa umecheka mpaka mabati yametikisika. Mkubwa amejaribu kujizuia, ameshindwa, akashuka kwenye kiti.

"Unataka mpaka wapi?"

"Mpaka mlango wa hospitali. Na huku chini mpaka daraja. Na msisahau bitana."

"Bitana?"

"Muulize binti yangu," amesema Mama, na sijawahi kumsikia akilitamka neno *binti* kwa sauti kubwa namna ile. "Anapika mawe. Na yanaiva."

Jumatatu, 12 Mei

Wamekubali yote, juu na chini. Lori la kwanza limeshafika, moshi unaingia mpaka humu kibandani ninapoandikia, Mjomba anapiga honi, Mama anawafokea majirani waondoe vitu vyao barabarani. Naitwa. Lami ikipoa haishiki.